Uzi: Walimu wakuu wa Mombasa, ushauri wa kazi unawafikia watoto wakati uamuzi umeshapita

Maalim_Mvita

Asalaam aleikum, hamjambo nyote jukwaani.

Uzi huu nauelekeza kwanza kwa walimu wakuu na manaibu wenzangu wa sekondari za hapa Mombasa, ila wazazi na vijana karibuni pia, maana wanaoumia ni nyinyi. Mimi ni naibu mwalimu mkuu katika shule moja ya umma. Kabla ya unaibu niliongoza idara ya ushauri nasaha, kwa hiyo jambo hili nimelishika kwa mikono yangu.

Muulize mwalimu mkuu yeyote kama ushauri wa kazi una maana shuleni kwake. Atakujibu una maana kubwa. Sijakutana na aliyekataa. Kwenye semina, kwenye vikao vya kaunti ndogo, hata kwenye mkutano wa KESSHA, chama chetu cha walimu wakuu wa sekondari, ambao kwa miaka mingi walimu wakuu wa nchi nzima wamekuwa wakija kuufanyia hapa kwetu, utasikia hayo hayo: watoto wanahitaji mwelekeo. Sasa rudi naye shuleni uitazame ratiba iliyobandikwa nje ya ofisi. Hesabu ina vipindi vyake, Kemia ina vyake, hata usafi wa Ijumaa una saa yake. Ushauri wa kazi haumo. Ukidadisi unaambiwa, "Huwa tunaalika mgeni muhula wa pili." Mgeni mmoja, ukumbi mmoja, shule nzima imekusanywa, kipaza sauti kinakwaruza, na watoto wa nyuma hawasikii kitu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ushauri wa kazi hautasimama kwa mwalimu wa nasaha kujitolea baada ya saa za kazi. Utasimama siku mwalimu mkuu mwenyewe atakapoupa kipindi kwenye ratiba, chumba chenye mlango unaofungika, na mwalimu aliyepunguziwa mzigo. Na uanze kabla mtoto hajachagua masomo.

Si jambo la jana. Kamati ya Gachathi mwaka 1976 ilishapendekeza mkuu wa kila shule amteue mwalimu wa kushughulikia ushauri. Mwaka 2001 kiboko kikapigwa marufuku shuleni. Mwaka huo huo moto wa bweni la sekondari ya Kyanguli ukaua wanafunzi 67, na jopo la Wangai lililochunguza fujo za wanafunzi likasisitiza ushauri nasaha uimarishwe. Tangu hapo kila shule ina idara, angalau kwa jina. Lakini angalieni idara hiyo ilipewa nguvu wakati gani: wakati nchi inatafuta cha kuweka mahali pa kiboko. Ndiyo maana hadi leo, katika shule nyingi ninazozijua, nasaha imekuwa tawi la nidhamu. Mtoto anaitwa nasaha akishikwa na muguka (majani ya kutafuna yanayolevya), akiruka ukuta, akipigana, akipata mimba. Yule mtulivu wa alama za katikati, asiyesumbua mtu, anamaliza shule bila kuketishwa hata mara moja akaulizwa: mwanangu, wewe unataka kufanya nini?

Niwaeleze chumba kimoja cha nasaha nilichokiona, shule siitaji. Kilikuwa stoo. Upande mmoja vitabu vya mtaala wa zamani vimefungwa kamba, upande wa pili jezi za mpira na nyavu, katikati dawati na viti viwili vya plastiki. Mlango wake unatazamana na ofisi ya nidhamu, na kwenye ile veranda ndiko wanakopigishwa magoti waliochelewa. Mtoto anayetaka kuuliza habari za uuguzi lazima apite mbele ya wenzake waliopiga magoti, na akitoka ataulizwa, "Umefanya nini?" Nani ataingia humo kwa hiari yake?

Maalim_Mvita

Naendelea, maana la muda ndilo linaloniuma zaidi.

Chini ya 8-4-4, mfumo wa zamani, uamuzi mkubwa ulifanyika mwisho wa Kidato cha Pili, mtoto alipochagua masomo saba au manane ya kwenda nayo KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wengi wetu ushauri wa kazi tuliuweka Kidato cha Nne, muhula wa mwisho. Yaani mlango tulishaufunga, ndipo tunamwonyesha mtoto ulipo.

Kijana wa Likoni anavuka feri kila asubuhi, anazitazama meli zikiingia Kilindini, anatamani uhandisi wa meli. Ukimuuliza Fizikia, aliiacha Kidato cha Pili. Na tuseme kweli walimu wakuu, wapo walioacha Fizikia kwa sababu sisi tuliogopa itashusha wastani wa shule. Mtoto hakuambiwa kwamba kwa kuiacha, uhandisi wote umempita. Binti mwingine anataka diploma ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Pamoja na mengine, inahitaji wastani wa C, Baiolojia C, na Kiingereza au Kiswahili C. Ana wastani wa C+, Baiolojia ana D+. Analia ofisini kwangu Aprili, matokeo yakiwa yameshatoka. Jambo hili angeambiwa Kidato cha Pili angekuwa na miaka miwili ya kuikazania Baiolojia.

Halafu KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, inafungua maombi. Mnajua watoto wetu wanashauriwa na nani? Mhudumu wa saiba, duka la intaneti. Nendeni mkasimame kwenye saiba yoyote ya Mwembe Tayari au Kongowea msimu ule. Kijana anakuja na namba yake ya mtihani. "Una ngapi?" "C+." "Unataka nini?" Kijana kimya. "Basi weka ualimu hapa, hapa weka hii, hapa hii." Dakika chache tu, kijana analipa, anaondoka, na nyuma yake kuna foleni. Mhudumu wa watu simlaumu. Anafanya kazi ambayo sisi tuliipewa.

Na sasa mtaala mpya umelisogeza jambo mapema zaidi. Kundi la kwanza lilifanya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, mwishoni mwa 2025, likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano alitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi ya Jamii au Sanaa na Spoti, achague mseto wa masomo matatu ndani yake, na ajaze shule 12. Haya yote ameyafanya akiwa Gredi ya 9, kwenye sekondari msingi, kabla hajatia mguu kwetu. Kwa hiyo sisi wa sekondari pevu, wa Gredi ya 10 hadi 12, tukisema "tutamshauri akija", anakuja uamuzi umeshafanyika.

Ninachopendekeza: mwalimu mkuu wa sekondari pevu amtume mwalimu wake wa nasaha akazungumze na Gredi ya 8 na ya 9 katika shule za jirani. Wale ndio watoto wake wa kesho. Kutoka shule yetu hadi sekondari msingi iliyo karibu ni mwendo wa miguu.

Karibuni. Wakuu, semeni mnavyoona.

MamaWatatu_Kongowea

Waaleikum salaam Maalim. Mungu akuweke kwa kulisema hili.

Mimi nina binti yuko Gredi ya 9 mwaka huu. Tuliitwa skuli wazazi wote, tukasomewa karatasi haraka haraka, tukaambiwa STEM ndiyo yenye kazi, tuwahimize watoto. Mtoto wangu Hesabu zinampiga chenga. Lakini mkono wake, Maalim, ukimpa piko akuchore hutaamini ni mtoto. Maarusi wa mtaani wanamjia yeye. Ananunua vitambaa anashona mikoba. Nikimwambia STEM ananyamaza anaangalia chini. Babake anasema sanaa si kazi, ni mchezo. Mie ni muuza samaki, sikusoma sana, nitamshauri nini mtoto huyu?

Mwl_Mkuu_Magharibi

Maalim, heshima kwako. Umesema wakuu tuseme, basi nitasema, na nitasema kama yalivyo.

Mimi ni mwalimu mkuu, upande wa Changamwe. Yote uliyoandika ni kweli, ila umeyaandika ukiwa naibu. Kiti changu kina mambo mengine. Mzazi akija ofisini hajawahi kuniuliza, "Mwanangu ameelekezwa vipi kikazi?" Ananiuliza wastani wa shule. Bodi inaniuliza wastani. Wakubwa wa elimu wananiuliza wastani. Shule ikishuka, jina langu ndilo linalotajwa. Mtu hupimwa kwa kitu, na kitu hicho ndicho atakachokishughulikia. Hakuna aliyewahi kunipima kwa idadi ya watoto walioingia kozi inayowafaa.

La pili ni walimu. Sina wa kutosha. Wengine nimewaajiri kupitia bodi, mishahara yao natoa kwenye pesa za kukwangua. Kapitesheni, pesa za serikali kwa shule, ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mnajua wote zinakuja kwa vipande. Ukiniambia nimpunguzie mwalimu wa nasaha vipindi, nani atavifundisha? Yeye ndiye mwalimu wangu wa Kemia.

Na kuna la tatu hukuligusa, nalo ndilo zito. Watoto wetu hawaamini. Nilisimama mbele ya Kidato cha Tatu nikaeleza kozi za Bandari Maritime Academy, za TUM (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa), za Kenya Coast National Polytechnic. Mmoja akanyosha mkono kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kaka yangu ana diploma, yuko nyumbani anaendesha tuktuk. Kazi za hapa ni za kujuana." Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Nikikwambia nilikuwa na jibu la kumridhisha nitakuwa nakudanganya. Unamshauri vipi mtu kuhusu njia ambayo haamini inafika mahali?

KijanaMagongo

Shikamooni walimu. Mimi ni yule kijana wa saiba. Si mhudumu, yule mwingine wa C+.

Niliwekewa kozi ya ualimu kwenye chuo cha bara, sikuwahi kuitaka. Nilikwenda, karo ikanishinda, na moyo haukuwepo. Nikarudi. Nikakaa maskani karibu mwaka mzima. Mjomba ndiye alinipeleka kwenye yadi ya makontena, nikaanza kubeba vifaa vya fundi wa reefa. Kwa wasiojua, reefa ni kontena lenye friji, la parachichi, maua, samaki, nyama. Likifika yadi lazima liunganishwe umeme na mtu alikague joto saa kwa saa, kwa sababu mashine ikizima mzigo wote unaoza. Yule fundi alinifundisha kusoma joto, kutafuta gesi inavuja wapi, kubadilisha kompresa. Sasa nasomea friji na viyoyozi polytechnic, mchana nafanya kazi.

Miaka yangu yote ya shule, na naiona bandari nikiwa darasani dirishani, sikuwahi kusikia kwamba kuna kazi hii. Tuliambiwa daktari, mwanasheria, rubani, injinia. Hakuna aliyetaja fundi wa reefa, mwendeshaji wa krini, mtu wa klaringi anayejaza karatasi za forodha, mkaguzi wa uzito. Kwa heshima, naona walimu wenyewe hawajui. Mwalimu alitoka shule akaenda chuo akarudi shule. Yadi hajaingia.

Mwalimu Mkuu wa Magharibi, yule mwanafunzi wako mwenye kaka wa tuktuk, kujuana kupo, hilo sikatai. Mimi mwenyewe nilipelekwa na mjomba. Lakini mjomba alinipeleka getini tu. Niliobaki nao ni ule ujuzi.

Maalim_Mvita

Kijana wangu, marahaba. Umeniandikia somo. Naomba usiondoke kwenye uzi huu, nina kazi na wewe.

Mama wa Kongowea, nitakujibu vizuri, acha kwanza nimjibu Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu, la wastani nakubaliana nawe neno kwa neno. Hatupimwi kwa hili, na mpaka tupimwe wengi hawatalifanya. Kwa hiyo tujipime wenyewe. Shule yako inaandika kila Mwaka Mpya waliopata C+ na kuendelea ni wangapi, na bango linawekwa getini. Je, inaandika waliofika wapi? Waliopata C- wakaenda diploma, waliopata D wakaenda kozi za cheti, wako wapi? Chini ya utaratibu wa KUCCPS chuo kikuu kinahitaji C+, diploma C-, na cheti D. Walio chini ya C+ ndio wengi katika shule zetu nyingi, nasi tukishasherehekea wa juu, hao wengine tunawaacha waende. Bodi ikiletewa karatasi ya waliofika wapi, itaanza kuuliza maswali mengine. Nimeona bodi yetu ikibadilika kwa karatasi moja tu ya namna hiyo.

La walimu. Huhitaji kumwondoa mwalimu wa Kemia darasani. Mtaala mpya umeacha kipindi cha PPI kwa wiki, cha malezi na dini. Vilevile una mafunzo ya kuhudumia jamii. Hapo pana nafasi. Kwetu mwalimu wa darasa anachukua kipindi kimoja cha PPI kwa mwezi, mwalimu wa nasaha anamwandalia cha kuzungumza. Halikutugharimu shilingi.

La kutoamini, hilo nalo zito kweli. Lakini tazama aliyemjibu mwanafunzi wako sasa hivi. Si mimi, si wewe, ni kijana wa Magongo. Sisi tunaalika wageni wenye suti. Mtoto akimwona daktari bingwa jukwaani anasema huyo si mimi. Akimwona aliyeketi dawati lile lile miaka michache nyuma, mwenye alama za kawaida, leo ana ujuzi na anamsaidia mamake kulipa kodi ya nyumba, anasikiliza.

DadaNasaha

Naomba niingie. Mimi ndiye huyo mwalimu wa nasaha mnayemzungumzia, nafundisha Kiswahili na Historia, nina vipindi kamili na nasaha juu yake.

Walimu wakuu, kuna kitu nataka mkijue. Mnatenganisha ushauri wa kazi na ushauri wa maisha, mmoja mnauona wa maana, mwingine wa dharura. Kwa watoto hautengani. Ushauri wa kazi ndio mlango usio na aibu. Hakuna msichana anayekuja kuniambia moja kwa moja, "Mwalimu, nyumbani wananitafutia mume," au, "Shangazi amepeleka pasipoti yangu kwa wakala wa Saudia." Anakuja kuniuliza kozi ya urembo inachukua muda gani. Nampa karatasi, tunaongea. Akirudi mara ya pili ananiuliza kama mtu anaweza kusoma akiwa ameolewa. Mara ya tatu ndiyo hadithi yenyewe inatoka. Ningekuwa sina lile dawati la kazi, asingepata sababu ya kuingia.

Ndiyo maana chumba ni muhimu kuliko mnavyodhani. Na siri ni muhimu zaidi. Mkuu mmoja niliyewahi kufanya kazi chini yake aliniomba kila Ijumaa majina ya watoto waliokuja kwangu na waliyoyasema, "ili uongozi ujue". Alikuwa na nia njema, alitaka kuzuia fujo. Nilimpa idadi, majina nikakataa. Haikuwa rahisi. Lakini wiki watoto watakapojua jina linafika kwa mkuu, chumba kinakufa. Nchi hii ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Ushauri ni taaluma yenye miiko, nasi walimu wengi tumeusukumiwa kwa sababu tu tuna sauti ya upole. Tupelekeni mafunzo. Hata kozi fupi za likizo.

Maalim, kuhusu PPI, angalia usije ukazua mambo. Kipindi kile maustadhi na wachungaji wanakihesabu ni chao.

Maalim_Mvita

Dada, umenena. Hilo la mlango usio na aibu nitalibeba kwenye kikao kijacho cha walimu, kwa idhini yako.

La PPI tulilipitia. Nilimwendea ustadh wetu kwanza, kabla ya kubadilisha chochote, nikamweleza. Akasema riziki ya halali ni sehemu ya dini, na akaomba yeye ndiye aanze kipindi cha kwanza. Mchungaji naye akafanya vivyo hivyo upande wake. Na walitusaidia pahala sisi tumeshindwa: kazi za hoteli. Wazazi wengi wa hapa hawataki watoto wao waingie hoteli kwa sababu ya pombe, na ni haki yao kuwa na msimamo. Ustadh akawaonyesha kwamba upishi alioujifunza mtoto unaweza kumpeleka jikoni la hospitali, la shule, la meli, au kwenye biashara yake ya biriani za harusi.

Naibu_Likoni

Nimesoma tangu mwanzo. Swali moja la vitendo. Sisi ni shule ya kutwa, watoto wanatoka saa kumi wakimbilie feri. Hakuna baada ya masomo. Na hatuna nauli ya kuwapeleka ziara. Mnafanyaje?

Tena niongeze: serikali ilitarajia asilimia 60 ya wanafunzi waingie STEM, 25 Sayansi ya Jamii, na 15 Sanaa na Spoti. Kwetu maabara ni moja. Naogopa tunawasukuma watoto STEM kujaza hesabu tu.

Maalim_Mvita

Naibu, la maabara ni kweli na tulipigie kelele kwenye vikao. Mtoto asiingizwe STEM kwa sababu ya asilimia, na asikatazwe STEM kwa sababu maabara ya kwetu ni ndogo wakati shule nyingine inaweza kumpokea.

La muda na nauli. Usiwapeleke watoto, walete watu. Likoni imejaa mafundi, mabaharia waliostaafu, wauguzi, watu wa feri wenyewe. Mpe mmoja nusu saa ndani ya kipindi, darasa moja tu, bila kipaza sauti. Mpe maswali matatu ya kujibu: ulisoma masomo gani, ulianza na mshahara wa aina gani, na siku mbaya kazini kwako ikoje. Hili la siku mbaya ndilo watoto wanalolipenda, kwa sababu hapo wanajua mtu hawadanganyi. Kijana wa Magongo, hapo ndipo nilipokuwa na kazi na wewe. Ukipata ruhusa kwa bosi wako, tutakukaribisha Gredi ya 10, uje na ile geji ya kupimia gesi waishike.

KijanaMagongo

Nitakuja Maalim. Nitaomba Jumatano, siku hiyo meli huwa chache yadini kwetu.

Mwl_Mkuu_Magharibi

Maalim, Dada, nimewasikia. Nitayasema ninayoweza, nisiyoyaweza sitayaahidi. Mzigo wa mwalimu wangu wa nasaha siwezi kuupunguza muhula huu. Chumba nitakihamisha, kuna kilichokuwa cha duka la shule, kiko karibu na maktaba, mtoto akiingia hapo hakuna atakayejua anakwenda wapi. Majina sitaomba. Na ile karatasi ya waliofika wapi nitaianza na waliomaliza mwaka jana. Naomba unitumie namna mlivyoipanga.

Swali kwako Dada: idadi peke yake inanitosha kweli kujua kama kuna hatari?

DadaNasaha

Mwalimu Mkuu, ahsante sana, hasa kwa chumba. Idadi na aina ya tatizo, bila jina, kwa mwezi. Kukiwa na hatari ya uhai wa mtoto au anaumizwa nyumbani, hapo siri haipo, nakuja kwako siku hiyo hiyo na mtoto mwenyewe anajua nimekuja. Hili watoto nawaambia siku ya kwanza kabisa, kabla hawajafungua kinywa.

Maalim_Mvita

Mama wa Kongowea, sikukusahau. Niwie radhi kwa kukukawiza.

Kwanza, usimlazimishe binti yako STEM. Mkondo wa Sanaa na Spoti upo kwenye mtaala kama ile mingine, si wa walioshindwa. Mkono unaokuvutia maarusi mtaani akiwa na umri huo ni kipawa, na kuna kazi nyuma yake: ubunifu wa mavazi, mapambo, uchoraji wa matangazo, ualimu wa sanaa. Lakini naye ajue ukweli wote. Hesabu haitamwachia hata huko, atasoma Hesabu nyepesi kidogo ila atasoma, na mwenye duka lake asiyejua kupiga hesabu ataibiwa. Pili, si kila shule ina mikondo yote mitatu. Kabla ya kujaza zile shule 12, ulizieni shule ipi inafundisha masomo anayoyataka na iko umbali gani, msije mkajaza kwa kufuata jina la shule.

Tatu, matokeo yake hayategemei mtihani wa mwisho peke yake. KPSEA ya Gredi ya 6 ni asilimia 20, tathmini za Gredi ya 7 na ya 8 ni 20, na KJSEA ni 60. Kwa hiyo asilimia 40 anazo tayari mkononi. Njoo naye na babake shuleni kwetu Alhamisi, mwalimu wa nasaha atakuwa huru kuanzia saa nane. Mje na ripoti zake za Gredi ya 7 na ya 8, matokeo ya KPSEA, na ile karatasi mliyosomewa kwenye mkutano. Na mwambie abebe mkoba mmoja aliokwisha kuushona. Nataka babake auone ukiwa mezani mbele ya walimu.

MamaWatatu_Kongowea

Inshallah Maalim, tutakuja. Babake nishamwambia, amesema Alhamisi atafunga kazi mapema.